Mgongo wa Mume Wangu kwenye Blogu

Jumamosi iliyopita nilikaa na simu mapajani tangu nilipomaliza kufua mpaka nguo zikakauka kambani, na nilichoandika ni mstari mmoja tu: "Wapendwa, wiki hii maua yangu ya mlangoni yamechanua." Nikaufuta. Hayakuwa yamechanua. Nimechoka mpaka nimeanza kuwadanganya wasomaji habari za maua.

Blogu hii ina miaka tisa. Binti yangu mkubwa ndiye aliyenifungulia alipokuwa anaondoka kwenda chuo. Akaniambia, "Mama, wewe andika tu mambo ya nyumbani, mimi nitasoma." Basi nikaandika. Niliandika juu ya vitambaa ninavyofuma, juu ya mbuzi aliyekula kitambaa cha altare nilichokifuma kwa miezi mitatu, juu ya namna ya kukaanga usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, bila kuwavunja, juu ya kitinda mimba wetu aliyegoma kwenda shule kwa sababu mwalimu wa darasa lake ni mimi. Kila Jumamosi. Mtandao ukikata, napanda juu kwenye kahawa, nasimama kwenye kisiki, nanyoosha mkono na simu juu kama mtu anayeapishwa. Binti alisoma miezi miwili. Siku hizi nikimuuliza ananijibu, "Mama, blogu hazisomwi tena. Weka video." Video ya nini? Ya mimi nikifuma? Jamani!

Waliobaki kuniandikia maoni ni wastaafu wawili watatu, dada mmoja wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuandika zaidi ya "hongera mpenzi", na waganga wanaotangaza dawa za nguvu za kiume chini ya mapishi yangu ya maharage. Nawafuta, wanarudi. Wakati mwingine nawaacha, angalau kuna mtu amepita.

Lakini ilikuwepo wiki moja ambayo watu walisoma. Walisoma sana, na tangu wiki ile mambo ya watu siandiki tena, nimebaki na maua. Haya ninayoyasema hapa nimemsomea mume wangu kwanza, na kila alipokunja uso nimefuta.

Mimi ni mtu wa ziwani, wa Lipingo. Niliolewa huku juu Mpepai kwa Wamatengo, Mwanglikana peke yangu katikati ya Wakatoliki, mwalimu wa shule ya msingi, na sikuwa nimewahi kuona ngoro mpaka nilipokuja kuishi nazo. Kwa asiyezijua: milima yetu ni mikali, na mvua ikiachiwa itabeba udongo wote hadi mtoni. Kwa hiyo majani yanafyekwa, yanapangwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa miraba, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Katikati linabaki shimo la kunasa maji, na pembeni matuta tunayopanda maharage. Kufyeka na kupanga majani ni kazi ya mwanaume. Kuchimba na kufukia ni kazi ya mwanamke. Hakuna mahali ilipoandikwa, na hakuna anayeuliza.

Mwaka ule, mwezi wa pili, nilipasuliwa tumbo. Daktari akaniambia nisishike jembe wala kubeba ndoo kwa miezi mitatu. Na ngoro zinafukiwa mwezi wa tatu, ukichelewa maharage yanakosa mvua za mwisho. Mume wangu alikuwa ameshafyeka, ameshapanga. Majani yamelala pale mlimani yananisubiri mimi. Mawifi zangu walikuwa na mashamba yao. Kuita ngokela, yaani majirani waje kulima pamoja ukiwapikia na kuwapa pombe, kulitaka mwanamke wa kusimama jikoni siku mbili mfululizo. Mimi kusimama kwenda chooni tu ilikuwa safari.

Hatukuzungumza lolote. Asubuhi moja niliamka nikakuta mume wangu hayupo, na jembe langu halipo. Alifanya hivyo karibu wiki mbili. Anatoka kabla hakujapambazuka vizuri, anarudi kabla watu hawajaanza kupita njia ya juu. Na kila siku alipitia mtoni kwanza, ananawa miguu, ananawa mikono, anafika nyumbani msafi kama ametoka Misa. Sasa niulizeni mimi msomi: mtu anayenawa mtoni ili hata watoto wake wasimwone na udongo, alitakiwa aniambie nini zaidi?

Siku moja nilijikongoja mpaka shambani na chupa ya chai. Alikuwa ameinama, amenipa mgongo, shati limelowa jasho. Ngoro zake, Mungu anisamehe, zilikuwa mbaya. Matuta yamepinda, moja nene jingine jembamba, na majani yanachungulia kila upande. Nilisimama pale na chupa yangu. Nilimpenda yule mtu siku ile kuliko siku ya harusi yetu. Nikafanya nini? Nikatoa simu, nikapiga picha, nikaiacha chupa juu ya jiwe, nikarudi nyumbani kuandika.

Niliandika vizuri, hilo siwezi kukataa. Niliandika jinsi jembe langu lilivyotoweka nyuma ya mlango, jinsi alivyoshika kazi ambayo kwao mwanaume haishiki, na kwamba nilimpenda kuliko siku ya harusi. Picha niliiweka pia, ya mgongo tu: jina sikuweka, wala sura. Ndiyo ilikuwa sheria yangu tangu mwanzo: mume ni "Baba", watoto ni "wa kwanza", "wa pili", "wa mwisho". Nilijiona nimemlinda.

Yule dada wa Dar, kwa mara ya kwanza, akaandika aya nzima. Watu nisiowajua wakaandika kwamba wanaume wa namna hii wamekwisha, kwamba nimshike sana, kwamba wamelia ofisini. Hata waganga walizidiwa. Nilikuwa nasoma jikoni nacheka peke yangu, kidonda kinavuta, nacheka. Niliona kweli sasa nimekuwa mwandishi.

Siku ya nne habari ikarudi nyumbani. Mtu kamtumia mtu, naye kamtumia mwingine, mpaka ikaangukia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Jina bado hakuna. Lakini wanawake wa huku, mlima wanausoma kama mimi ninavyosoma daftari la mtoto wa darasa la tatu. Mmoja akaandika, "Mteremko huu naujua wa nani. Na hizi ngoro hakufukia mwanamke, tazameni zilivyopinda." Basi, yakaisha.

Jumatatu mume wangu alikwenda kwenye chama cha ushirika kuulizia mbolea. Wanaume waliokuwa wameketi kibarazani wakainuka wote kwa heshima, wakamwamkia kwa sauti moja, "Shikamoo, mama!" Aliyenieleza ni shemeji yangu. Yeye mwenyewe alirudi, akavua viatu, akala, akasema mboga ina chumvi ya kutosha.

Ningeshukuru kama angenigombeza. Mimi ni mtu wa kelele. Kwetu tunagombana mpaka wavuvi wa mwaloni wanasikia, halafu tunakula sahani moja. Yeye alinyamaza. Alinisemesha mambo ya lazima tu: mbuzi amefungwa, mvua inakuja, mtoto anataka daftari. Sehemu ya shamba iliyobaki hakuigusa tena, majani yakaozea pale pale. Jembe langu nililikuta nyuma ya mlango, limeoshwa. Kanisani akawa anakwenda Misa ya kwanza na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho, ili asikutane na watu uwanjani.

Sikuogopa kuachwa. Huku watu hawaachani kwa ajili ya picha. Niliogopa kwamba nitaishi na mtu huyu miaka yote iliyobaki na hatathubutu tena kunitendea wema wowote, akihofia utasomwa. Niliogopa hilo kila nilipomwekea maji ya kuoga, kila alipoyachukua na kusema "haya".

Ile habari niliifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa. Mpaka Mbinga mjini, muuza nyuzi niliyemzoea aliniuliza, "Mwalimu, Baba anaendeleaje na ngoro?" Nikachukua nyuzi zangu nikaondoka bila kumjibu.

Pasaka nilishuka ziwani kwa mama yangu. Nilimkuta anaanika usipa chanjani. Nikamweleza yote nikitegemea atawacheka watu wa mlimani. Wala hakucheka. Akaniuliza, "Baba yako alipokuwa anarudi mtumbwi mtupu, mimi nilikuwa nawaambia nini majirani?"

Nikakumbuka. Alikuwa anawaambia samaki wote wameuzwa kule kule majini. Wiki nzima tunakula kisamvu, na samaki "wameuzwa".

"Kumbe ualimu wote huo!" akasema mama, akaendelea kuanika.

Nilirudi Mpepai, na mwezi wa sita mama mkwe alinikuta uani nachambua maharage, hayo machache tuliyoyapata. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa, akaanza kuchambua na yeye. Ni mtu wa maneno machache, mwanawe amemrithi. Tulikuwa tumefika nusu ya ungo alipoanza.

"Nilipomzaa huyu mume wako," akasema, "baba yake alinifukia shamba lote. Damu ilikuwa haikatiki, nimelala ndani. Alifukia lote."

"Mbona hujawahi kusema, mama?"

"Nimesema leo. Na yeye ameshakufa." Akapuliza makapi. "Hata mwanangu hajui. Unadhani hao waliocheka kwenye kwaya, hawana? Kila mwanamke huku ana mwaka wake mmoja wa namna hiyo. Anautunza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote niliyoishi huku nilidhani hawa ni wanaume wasioshika jembe la mke. Kumbe wanashika, na wake zao wananyamaza. Mimi peke yangu ndiye niliyepiga picha.

Mwezi wa nane tulikuwa uani, mimi na mume wangu, tunapukuchua mahindi. Watoto walikuwa wamekwenda kwa bibi yao. Nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia, "Nataka kuifunga ile blogu."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Watu walikucheka."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, ingawa hakikuwa kicheko cha furaha. "Watu walishachoka. Siku hizi wanamcheka yule aliyenunua pikipiki akaingia nayo mtoni siku ile ile."

"Sasa kinachokuuma ni nini? Niambie, Baba. Nimechoka. Kweli nimechoka."

Alimaliza hindi moja, akachukua jingine, akalimaliza. Mimi nikaanza kukusanya mahindi yaliyorukia pembeni.

"Mimi simu yangu ni ya tochi," akasema. "Uliyoyaandika nilisomewa na katibu wa kwaya. Alinisimamisha njiani akanisomea yote, watu wamesimama wanasikiliza. Mwishoni ulisema siku ile ulinipenda kuliko siku ya harusi."

"Ndiyo. Ni kweli."

"Mimi hukuniambia."

Niliacha kukusanya mahindi.

"Nilikusikia unakuja," akaendelea, macho kwenye mahindi. "Unatembea polepole kwa ajili ya kidonda. Nikasema, leo amekuja mwenyewe, atasema neno. Nikaendelea kuinama nikusubiri. Nilipogeuka nikakuta chupa."

Miezi mitano nilikuwa nimeomba msamaha kwa kila njia isipokuwa hiyo. Niliomba kwa kufuta, kwa kupika, kwa kumtuma shemeji. Watu wa Dar niliwaambia, wastaafu niliwaambia, waganga nao wakasoma. Na huyu aliyekuwa na jembe mkononi, hatua ishirini mbele yangu, nilimwachia chai.

Simu ilikuwa mapajani mwangu, nilikuwa nimeiweka hapo tangu mwanzo ili nimwonyeshe ninavyoifunga blogu mbele yake. Akanyoosha mkono, akaichukua taratibu, akaiweka juu ya gunia, kioo chini. Kisha akageuza kigoda chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akanitazama usoni.

"Haya," akasema. "Sasa niambie mimi."

Nikafungua mdomo, na nikaanza kulia kabla sijafika hata neno la kwanza.