Kamati ya Kwenda Kuteleza

Mimi baridi siipendi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani niliyatafuta mwenyewe. Nimekaa Hyattsville miaka ya kutosha kuzaa mtoto na kumkuza mpaka ananitazama utosini, na bado kila Novemba ikiingia nakasirika kama mtu aliyetapeliwa. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba likizo ya Desemba anataka twende mlimani kuteleza kwenye theluji, nilimshika paji la uso nione kama ana homa.

"I'm serious, Mama," alisema.

Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, hata kile ninachonong'ona kwenye simu nikidhani hasikii, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza. Tumeshazoea. Alinieleza kwamba huko West Virginia kuna mlima, mwendo wa saa chache kwa gari. Unakodi kijumba, unakodi na zile mbao za kufunga miguuni, unapandishwa juu kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, halafu unateremka mwenyewe. Nikamuuliza, kama shida yetu ni kufika chini, kwa nini tusibaki hukohuko chini? Hakucheka. Alisema huu ni mwaka wake wa mwisho wa sekondari, Agosti anakwenda chuo, na vyuo vyote alivyoomba, ukivitazama kwenye ramani, viko upande wa pili wa nchi. Hii ndiyo likizo yake ya mwisho ya baridi akiwa mtoto wa nyumba hii. Alitaka twende wanne tu: yeye, mdogo wake, baba yao na mimi.

"Just us," alisema. "No aunties. Promise."

Nilijua kwa nini anasema hivyo. Mimi ni katibu wa kila harusi na kila msiba wa Waswahili kuanzia Adelphi mpaka Falls Church. Simu yangu hailali. Huyu mtoto amefanya homework zake zote za shule katikati ya akina mama wanaomenya vitunguu, na siku zake za kuzaliwa mbili tatu zilimezwa na harusi za watu asiowajua. Nikaweka mkono kifuani nikaahidi. Wanne tu.

Ahadi hiyo ilidumu mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilikuwa nashusha mifuko kwenye gari, nimetoka duka la mitumba kununua suruali za theluji, zile nene zinazojaa hewa. Jirani yangu, Mkenya, mama wa watoto watatu na mwanamke mwenye haraka kuliko wote ninaowafahamu, akapita akaziona.

"Ai, jirani, hizo masuruali ni za nini? Mnaenda mwezini?"

"Tunakwenda mlimani likizo hii, kuteleza kwenye theluji," nikamwambia. Na kwa kuwa mama yangu alinilea, nikamalizia: "Karibuni!"

Hapa inabidi nieleze, maana kuna watu wanakua siku hizi bila kufundishwa. Kwetu, ukinikuta nakula, nitakukaribisha. Wewe utashukuru, utasema umetoka kula sasa hivi, hata kama tumbo linanguruma. Mimi nitasisitiza kidogo, wewe utakataa kidogo, na tutaachana kwa amani, kila mtu na heshima yake, mimi na wali wangu. Hiyo ndiyo adabu. Haijawahi kutokea Morogoro, tangu nizaliwe, mtu akakaribishwa njiani kwenye safari ya wenzake akaitikia.

"Kweli?" jirani akasema. "Wah, poa sana! Tutakuja. Mnatoka siku gani?"

Nikasimama na mfuko mkononi. Nilisubiri acheke. Alikuwa ameshatoa simu anaomba ruhusa kazini.

Lawama zote siwezi kumpa yeye. Alikaribishwa, akakubali, na Wakenya mtu akisema jambo wanaamini amelisema. Lakini jioni hiyo alimgusia mzee mmoja Mkongo wa Lubumbashi, ambaye wakati wa ujana wake aliishi Ubelgiji na hajawahi kutuacha tusahau. Mzee akampigia Mwenyekiti. Mwenyekiti ni dada mtu mzima wa Tanga, ambaye amekuwa mwenyekiti wa kila kamati kwa muda mrefu hata jina lake watu huliuliza kwa aibu. Jumapili mchana nilipowasha simu nikakuta nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Safari ya Theluji, lenye picha ya Kilimanjaro, na watu wanashukuru kwa mwaliko.

Mwenyekiti akanipigia. "Mdogo wangu, kikao kitakuwa kwako, maana wewe ndiye mwenye jambo."

Mwenye jambo! Kama nimefiwa.

Nilimgeukia mume wangu, ambaye anafanya kazi ya kompyuta Falls Church na huongea kana kwamba maneno yanakatwa kodi. Akaisoma simu yangu kuanzia juu mpaka chini, akanirudishia.

"Wewe uliyewakaribisha, wewe uwafukuze," akasema, akarudi kwenye mpira wake.

Kufukuza wageni sijui. Sikufundishwa. Nikaona bora niwatishe. Nikatuma kwenye kundi video ya mtu anabiringika kutoka juu ya mlima, mbao zake moja huku moja kule. Wakanijibu kwamba tutafanya maombi kabla ya kuondoka, na muuguzi mmoja wa Adelphi akajitolea kusimamia huduma ya kwanza. Nikaandika kwamba kule baridi ni kali mno, haifai kwa watu wazima. Kuna aliyekuwa na mablanketi ya kutosha, aliyapata kazini. Nikaandika, kwa kukata tamaa, kwamba kule hakuna wali. Hilo nilidhani lingewamaliza. Mwenyekiti akajibu kwa picha ya sufuria kubwa la harusi, lile linalobebwa na wanaume wawili, na chini yake neno moja: "Linakuja."

Binti yangu nilimwambia siku ya kikao chenyewe, asubuhi, kwa sababu ya woga. Nilimwambia kwamba watu wachache watapita kuzungumza kidogo kuhusu ile safari.

"How many people, Mama?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitalimaliza. Alichukua bakuli lake la cereal akaenda kuila chumbani.

Walikuja wote. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye korido. Kikao kilifunguliwa kwa sala ya Kikristo na ya Kiislamu, halafu zikaundwa kamati ndogo: ya usafiri, ya chakula, ya afya, na ya sare. Ndiyo, sare. Ilipendekezwa vitenge vishonwe juu ya makoti, na mjadala wa rangi ulichukua muda kuliko kitu kingine chochote, maana upande mmoja ulitaka rangi ya kupendeza kwenye picha na upande wa pili ulitaka rangi ambayo mtu akifukiwa aonekane. Jirani yangu alikuwa anajibu kila swali kwa "hiyo ni easy" na kuandika. Nilikuwa nazunguka na sinia la sambusa ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mhudumu wa kuajiriwa.

Kisha mzee wa Lubumbashi akaombwa atoe mafunzo. Akasimama katikati ya zulia, ameshika fagio mkono huu na mwiko wa ugali mkono ule.

"Écoutez, sikilizeni," akasema. "Ski si nguvu. Ski ni magoti. Unakunja magoti, comme ça, unainama mbele, unaamini mlima."

Akakunja magoti. Tukapiga makofi. Akaendelea kuwa amekunja magoti. Tukadhani bado anafundisha, mpaka alipomwita muuguzi kwa sauti ndogo. Ilibidi wanaume wawili wamnyanyue kwa makwapa, na alipokalishwa kwenye kochi akatueleza kwamba kule Ubelgiji alifanya ski mara moja tu, na hata siku ile mambo yalikwenda hivihivi.

Watu wakiwa wanafuta machozi ya kicheko, binti yangu akapita kwenda jikoni kuchukua maji. Akasimama, akawaamkia wakubwa wote shikamoo, maana hiyo nilimfundisha na hajawahi kuiacha.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mwenyekiti. "Wewe tumekupanga chumba cha akina mama. Mtabanana kidogo, lakini ndiyo raha yenyewe."

"Thank you, Auntie," alisema. "But I think I'm gonna stay home. I have a lot of homework."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, hasira ni lugha ninayoijua vizuri. Alitabasamu, akajaza glasi yake, akarudi chumbani na kufunga mlango polepole, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

"Mtoto ana adabu kweli," Mwenyekiti akasema. "Basi ile nafasi yake apewe mke wa mchungaji, alikuwa ameniomba."

Jirani akaandika.

Nililiweka sinia chini. Sijui niliwekaje, maana sambusa mbili zilifika chini ya kochi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Samahani, kikao. Mimi sikuwakaribisha."

Mtu aliyekuwa anatafuna akaacha.

"Nilisema karibuni," nikaendelea. "Kusema nilisema. Lakini nilisema vile tunavyosema sisi."

Watanzania wote wakatazama zulia. Walijua. Walijua tangu siku ya kwanza, kila mmoja wao, na walikuwa wamekubali tu kwa sababu wenzao wamekubali. Mwenyekiti akaanza kurekebisha ushungi wake ambao ulikuwa hauna tatizo lolote.

"Hold on," akasema jirani yangu, kalamu hewani. "Si ungeniambia tu? Mimi nimeshaomba off! Ungesema, jirani, hiyo ni ya family, mimi ningesema sawa, na maisha yaendelee."

Alikuwa na haki, na hilo lilinichoma. Nikataka kumjibu kwa ukali, kama kawaida yangu, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mwanangu anaondoka Agosti," nikasema. "Aliniomba siku chache tu, mimi na baba yake na mdogo wake. Hajawahi kuniomba kitu kingine. Na mimi nimezigawa siku zake hapa kwenye parking kama karanga."

Nilikuwa nimeanza kulia, jambo ambalo kwenye vikao tunaliacha kwa wafiwa. Mume wangu, aliyekuwa amesimama jikoni muda wote, akaja akasimama karibu yangu.

Mzee wa Lubumbashi ndiye aliyesema kwanza, palepale kwenye kochi, bado ameshika goti.

"Mimi mama yangu nilimwacha kwenye gare, Lubumbashi. Treni inatembea, naye anatembea pembeni. Nikamwambia, Maman, nitarudi Noël."

Hakusema Krismasi ya mwaka gani, na hakuna aliyemuuliza. Hapakuwa na mtu mzima ndani ya chumba kile ambaye hakuwahi kuwa mtoto anayeondoka. Kila mmoja aliaga kwao na sanduku moja na ahadi ya kurudi upesi. Nilimwona jirani yangu ameifunga kalamu yake na anaitazama ile kalamu.

Mwenyekiti akakohoa. "Kikao kimesikia," akasema. "Safari ya familia ibaki ya familia. Na sisi safari yetu ibaki palepale, maana sufuria limeshaombwa. Tutatafuta mlima mwingine na tarehe nyingine. Mdogo wangu, wewe humo." Na papo hapo, mbele ya macho yangu, kwa heshima zote, akanitoa kwenye kundi. Jirani akapendekezwa kuwa katibu na akapita bila kupingwa. Kisha wakala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva na huwezi kuondoka ukakiacha, wakanikumbatia mmoja mmoja mlangoni, wakatafuta viatu vyao. Jirani alikuwa wa mwisho. Alinipiga bega, si polepole sana, akasema next time nitumie Kiingereza.

Nyumba ilipotulia nilikwenda kugonga kwa binti yangu. Alikuwa kitandani, kitabu kimefunguka juu ya magoti, na kwa jinsi alivyokishika nilijua hakuwa anasoma. Nikamwambia tunakwenda wanne.

"What about everybody?"

"Nimewaambia hapana."

Akaketi wima. "You told them no? All of them? In Swahili?"

"Kwa Kiswahili. Na Mwenyekiti akiwepo."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho alikirithi kwa baba yake, akacheka mpaka kitabu kikaanguka. Halafu, katikati ya kucheka, uso ukamgeuka akaanza kulia, mtoto mkubwa kama yule, akasogea ukutani kunipisha nafasi kitandani. Nikapanda na nguo zangu zinazonuka mafuta ya sambusa. Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko yangu, inafika mwisho wa kitanda. Likizo yenyewe ilikuwa haijafika, na Agosti ilikuwa bado mbali, na mimi nilikuwa nimelala kando yake nimeshaanza kumkumbuka.