Mvua niliyomusikilizisha Yasini

Ninyi wote munapita hapa kila siku mukienda mupakani kwa Petite Barrière, na hakuna hata mumoja anayeingia kunisalimia. Aibu iwashike!

Leo ninawahitaji.

Mujukuu wangu Yasini na marafiki wake walienda na pikipiki mupaka jangwa ya Turkana, kule Kenya. Nilikataa. Walinicheka tu.

Leo muchana simu ya video ikalia. Si yeye, ni rafiki yake Patriki.

«Bibi, usiogope. Yasini iko anapumzika.»

Yasini kupumzika muchana? Tangu lini?

«Nioneshe uso yake, we muongo!»

Akanionesha. Mutoto amelala kwenye kivuli ya pikipiki, midomo imepasuka. Bon, matusi yote niliyowawekea ikaishia mudomoni.

Yasini akauliza polepole: «Bibi, huko mvua inanyesha?»

Ilikuwa inanyesha kweli! Nikatoka mbio, nikaishika simu pale maji inapomwagika kwenye mabati, asikie vizuri.

Akacheka. Wallahi, alicheka.

Halafu Patriki akaanza: «Bibi, maji yetu…»

Simu ikazimika. Mvua imeingia ndani. Mupaka sasa haiwaki.

Maji yao imefanya nini? Imeisha? Wameipata?

Mi ninasema, binti ya jirani anaandika kwa simu yake, anawatumia ninyi wote. Mwenye namba ya Patriki apige sasa hivi, halafu akuje aniambie.

Lakini ukikuja na pikipiki, uizime kule kwa barabara, uingie na miguu. Nikiisikia hapa mulangoni, nitafikiri ni Yasini.