Mama yangu ametundikwa ukutani hotelini, na gunia alilolazimishwa kuvaa

Wakuu, sasa. Leo mzee wenu ana hasira, kwa hivyo mvumilie typing yangu. Mama angekuwa hai angesema hata hiyo hasira nimepunguza.

Miaka ya hamsini tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro. Mama alichuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Memsabu, bibi ya mwenye shamba, alipenda kupiga wafanyakazi picha, na jioni moja akamwambia mama kesho ni zamu yake.

Nyinyi wa selfie hamwezi kuelewa. Siku hizo unaweza kupigwa picha mara moja maishani, na unavaa vile unataka ukumbukwe.

Mama akawasha pasi ya makaa, akanyoosha gauni lake jeupe la kanisa, lile lenye lesi chini. Akajipaka mafuta mpaka miguu. Alipendeza sana.

Memsabu kumwona tu, akafoka.

"Hapana taka hii nguo! Vaa ya kazi!"

"Memsabu, picha ni kitu ya kukaa," mama akasema. "Watoto ya watoto yangu wataniona nayo."

Wapi! Akaambiwa avae gunia la kazi ama atafute shamba lingine. Akalifunga juu ya gauni, akabeba kikapu, akapigwa picha.

Kopi hatukupewa. Na mama alikufa bila kupigwa picha nyingine.

Juzi nimealikwa harusi kwa hoteli moja hapa Nakuru. Naenda washroom, nakutana na mama kwa ukuta! Frame kubwa, chini imeandikwa "Mchuma pareto". Basi.

Picha ya pili ni farasi wa memsabu. Farasi ameandikwa jina!

Nikamwomba manager kopi. "Pole mzee, hiyo ni property ya hoteli."

Mama yangu ni property, boss?

Nikarudi kumwangalia, machozi yakinitoka. Ndio nikaona mkono wake wa kushoto. Amevuta gunia juu kidogo, na lesi imeonekana.

Nyinyi mnaopiga mama mboga na watu wa mkokoteni picha barabarani, muulize kwanza mtu anataka kuonekana vipi. Na jina lake muandike.

Mawakili wa humu, nishaurini nitaipataje hiyo picha. Wengine pia semeni, hata kama ni kunipinga.

Na ukipita hoteli fulani ukamwona mwenye kikapu, anaitwa Nyambura. Angalia chini ya gunia.