Mbuzi wa Baba Mkwe

Naishi Busia, na kazi yangu ni kusifia kampuni za kamari kwenye ukurasa wangu mtandaoni. Msomaji akijiandikisha kupitia kiungo changu, kampuni inanigawia sehemu ya pesa anazopoteza. Hilo huwa siliandiki.

Juzi kamisheni ilinona ghafla, nikampelekea baba mkwe mbuzi kule Nabuyoga. Akauliza napata wapi pesa. Nikamweleza yote kwa majivuno, hata habari za mteja wangu mmoja, mjinga wa ajabu, anayepoteza kila siku.

Mzee akanipa simu yake. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wangu.

“Mkwe, ile ng'ombe ya mahari uliniletea, niliuza yote nikaweka hapa,” akasema, akimtazama mbuzi. “Kumbe hii nimejinunulia mwenyewe.”