Mwaka Karafuu Zilipokosa Harufu

Kwetu Vitongoji, Pemba, msimu wa karafuu ukifika, wanawake waligombea kukaa jamvi moja na mama yangu. Kuchambua karafuu ni kazi ya vidole, midomo hubaki huru, na mdomo wa mama haukuwa na mpinzani. Aliyetaniwa zaidi ni wifi yake, yaani shangazi yangu, ambaye naye hakukubali kukaa jamvi jingine.

Baba akafariki. Eda ikaisha, tukamkosha mama, tukamfukiza udi, naye akarudi pale pale kitandani. Hataki kula, hacheki, hata kulia halii. Shangazi alijisifu kwa majirani: "Kaka yangu ndivyo anavyoombolezwa!" Daktari wa Chake Chake alisema ni sonona, akampa dawa. Wapo walioniambia mtu mwenye dini yake hapati sonona. Niliwajibu vibaya, na sijutii.

Msimu uliofuata tulimkokota mama hadi jamvini, labda vidole vitamwamsha.

"Mwaka huu zanukia hadi barabarani," shangazi akasema.

"Zanukia nini?" mama akauliza. "Mie sisikii kitu."

Shangazi akacheka kwa furaha, akidhani utani umerudi. Mimi sikucheka. Nilisaga karafuu mbichi kiganjani, nikamsogezea puani. Akanitazama kama ninayempotezea wakati. Hapo nikakumbuka kwamba hata ule udi aliuita moshi mtupu, nasi tukadhani ni majonzi.

Kesho yake nilikuwa kwa daktari. "Mpemba hasikii karafuu," nikamwambia. Aliweka kalamu chini.

Picha ya kichwa ilionesha uvimbe nyuma ya paji la uso, juu kidogo ya pua. Si kila mwenye sonona ana uvimbe, daktari alinisisitizia. Lakini uvimbe ukikaa mahali pale waweza kumwondolea mtu harufu, na hamu ya dunia pia. Haukuwa saratani, ila ulitakiwa kutolewa, Dar es Salaam. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Mama alipomsikia daktari akisema watamnyoa, alikubali bila hata utani mmoja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alirudi na kovu chini ya mtandio. Kucheka kulirudi kidogo kidogo, kula kukitangulia. Pua haikurudi, na daktari alituambia tusiitegemee.

Msimu huu yupo jamvini. Najivunia kusema kwamba wanawake wameanza tena kugombea nafasi. Juzi shangazi alimwinamia na konzi ya karafuu, machozi yakimlengalenga: "Nusa, wifi yangu. Jaribu tena."

Mama akamsukuma mkono. "Pua imebaki Dar es Salaam. Ulimi ndio niliorudi nao. Kaa uchambue, wifi, umekuja kufanya kazi au kunusisha watu?"

Jamvi zima likaangua kicheko, na aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, huku analia, ni shangazi.