Baka la shavuni na uzi wa shangazi

Leo mjukuu wangu kagusa baka langu la shavuni, akasema, "Bibi, si ulikate?"

Karibu niling'oe kweli, enzi za kijiji cha ujamaa, kule Magoma.

Nilikuwa nimeshachumbiwa. Shangazi yangu akasema baka jeusi usoni linafukuza mume. Kwa kuwa limechomoza kama punje, akalifunga uzi kwenye shina lake, eti linyauke lidondoke lenyewe.

Siku ya tatu shavu limevimba, jicho halifunguki.

Nikaenda zahanati. Shangazi akanifuata, amenuna njia nzima.

Mganga wa zahanati, kijana wa Handeni, alikata uzi kwanza, ndipo akauliza.

"Umezaliwa nalo?"

"Ndiyo."

"Limekua siku hizi? Limebadilika rangi? Linatoka damu?"

"Hapana."

"Basi liache. Kilichokuumiza ni uzi. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Baka likibadilika, rudi."

Nikamtazama shangazi, nikingoja abishe.

Akavua katambuga pale pale, akainua mguu.

"Na hili la chini ya wayo, mwanangu? Limekua tangu masika. Linatoka damu."

Mganga akaacha kutabasamu. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali Korogwe, kesho yake asubuhi.

Wakalikata, akapona. Harusini kwangu alikuja na fimbo, akaimba kuliko wote.

Kumbe alikuwa anaogopa lake, uzi akafunga langu.

Wenzangu, nyayo zenu mlizitazama lini mara ya mwisho?