Mpira wa Majani ya Mgomba

Mdogo wangu alijifunza mpira katika kambi ya polisi tulikozaliwa, nyuma ya nyumba za bati za askari. Baba yetu, askari aliyetoka kaskazini, alimchapa kwa mkanda kila alipomkuta akicheza, maana alitaka mwanawe avae sare kama yeye. Kisha klabu moja kubwa ya hapa Kampala ikamchukua kabla hajamaliza shule. Picha yake ilipotoka gazetini, baba akaanza kwenda uwanjani. Alikaa mbele kabisa, akiwaambia majirani zake kwamba mguu ule wa kushoto ni yeye aliyeutengeneza.

Mimi sijui kueleza mpira. Ninachojua ni kwamba mdogo wangu akiupata, watu waliacha kutafuna karanga. Mabeki walimkimbilia wote pamoja, yeye akasimama ghafla, nao wakapitiliza kama watu walioachwa na basi.

Lakini alikunywa. Alianza kwa kunywa timu ikishinda, kisha ikishindwa, kisha ikiwa haina mechi. Siku moja alimzaba kocha kofi mbele ya wenzake. Wakamsamehe, kwa sababu Jumapili walikuwa wanamhitaji. Goti lake la kulia lilipovimba, hakuna aliyemwambia apumzike. Kabla ya mechi na mahasimu wao, daktari wa timu alimchoma sindano ya kuua maumivu, akamwambia acheze. Alifunga bao. Muda mfupi baadaye goti likageuka vibaya, akaanguka peke yake, bila kuguswa na mtu. Mashabiki wetu wenyewe wakamzomea. Walidhani amelewa.

"Amuka, mulevi," alipiga kelele mwanamume aliyekaa nyuma yangu, amevaa jezi yenye namba ya mdogo wangu.

Klabu ikamwacha. Alipokwenda mazoezini na magongo yake kuwasalimia wenzake, mlinzi aliyezoea kumpokea begi alimwambia kupitia tundu la geti, "Nimeambiwa nisikufungulie." Baba naye akamwambia kwamba kambini hakuna nafasi. Ndipo akahamia kwangu, karibu na soko la Kalerwe ninakouza nyanya.

Huko sokoni wachukuzi na wauza mkaa walimpenda, kwa namna yao. Walimwonyesha kichupa cha waragi, wakamwambia apige danadana kwanza. Aliegemea magunia ya mkaa kwa ule upande mbovu, akaupiga mpira kwa mguu wa kushoto, na haukuanguka mpaka walipochoka wao. Hata akiwa amelewa, mguu ule haukulewa.

Alasiri moja muuza chapati aliyekuwa mbele ya kibanda changu alisuka mpira wa majani makavu ya mgomba, akaukaza kwa kamba. Akapanga vikapu viwili kama goli.

"Leo penalti," alisema. "Piga kwa nguvu, kama zamani."

Mdogo wangu alikuwa amevaa kandambili. Akarudi nyuma, akachechemea mbele, akaupiga kwa nguvu zake zote. Nilisikia mlio, kisha kicheko cha soko zima. Simu zilikuwa zimeshainuliwa kabla hajapiga. Alikaa chini kwenye matope, akauvuta ule mpira, akabandua majani, jani baada ya jani, mpaka jiwe likaonekana.

"Dada," aliniambia nilipomfikia, "walijua wote."

Kidonda cha vidoleni kikaoza. Hospitalini walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Muuguzi alimtambua, akaomba kupiga naye picha, na mdogo wangu akatabasamu kwa ajili yake. Baba alikuja mara moja. Alisimama miguuni pa kitanda bila kuvua kofia.

"Mukono niliokuchapa nao ulikuwa mwepesi," alisema, akaondoka.

Nilimfuata muuza chapati nikamuuliza kwa nini. Aliendelea kukanda unga, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, yule alitufanya tulie sana. Tulimtegemea, akawa anakuja uwanjani na pombe mdomoni."

"Na jiwe?"

"Ulikuwa muchezo tu."

Mdogo wangu aliporudi nyumbani nilimkataza kwenda sokoni. Alikaa ndani wiki nzima, akitazama ukuta, chakula hagusi. Kisha asubuhi moja nikiwa kwenye nyanya zangu nikasikia sauti yake ng'ambo. Alikuwa kwenye benchi la yule yule muuza chapati, mguu wenye bandeji umewekwa juu ya ndoo, chapati ya moto mkononi, wanaume wamemzunguka. Alikuwa anawasimulia bao lake la mwisho.

Nilivuka, nikamshika mkono. "Twende nyumbani."

"Subiri, dada. Sijafika penye bao."

"Wanalijua."

"Mwache, nyabo," alisema mmoja wa wachukuzi. "Anatuchekesha."

Mdogo wangu akacheka pamoja nao. Nilimtazama usoni nione kama anajilazimisha, na hakuwa anajilazimisha. Mteja alikuwa ananingoja, basi nikarudi kupima nyanya.